Nasoma uuguzi mwaka wa tatu, nataka mafunzo kwa vitendo nje na baadaye nihamie kabisa. Kwa nini manesi Watanzania ni wachache huko?

#1 Mtoto wa Igoma
Habari wakuu. Nasoma shahada ya uuguzi Mwanza, mwaka wa tatu. Likizo ndefu ya mwakani nataka niende nje wiki sita hadi nane, nishinde wodini nione wenzetu wanavyofanya kazi. Lengo langu silifichi: nikimaliza intern na kupata leseni, nahama.

Kaka yangu ni tabibu, alimaliza zamani tu. Mpaka leo anajitolea kituo cha afya kwa posho ya nauli. Kila kibali cha ajira kikitangazwa anajaza Ajira Portal, majina yakitoka hayumo. Hiyo foleni mimi siitaki.

Kuna watu wanasema ukifanya mafunzo hospitali ya nje wakakupenda, ukihitimu wanakuita. Ni kweli? Na Uingereza, Ujerumani, Marekani, Ghuba, wapi pana njia ya kueleweka kwa mtu wa uuguzi? La mwisho linaniumiza kichwa: nikiingia makundi ya manesi wa kigeni walioko Uingereza nakuta Wanigeria, Waghana, Wazimbabwe, Wakenya. Mtanzania unamtafuta kwa tochi. Shida yetu ni nini hasa?

#2 Kipimajoto
Kiingereza. NMC, wanaosajili manesi wa Uingereza, wanataka alama 7 za mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Mtu amesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari mwalimu anafundisha Kiingereza huku anatafsiri, chuo anakariri slaidi. Hiyo 7 ya kuongea ataitoa wapi? Usizunguke, anza na lugha.

#3 Mama Wawili Leeds
Mdogo wangu, karibu. Mimi ni nesi huku, wodi ya upasuaji. Nianze na hayo mafunzo, maana hapo wengi wanadanganywa.

Mwanafunzi wa afya anaruhusiwa kuja Uingereza kwa viza ya kawaida ya mgeni, mwisho miezi sita, awe bado anasoma shahada kwao. Lakini viza hiyo inakutaka usilipwe na usimtibu mgonjwa. Unaangalia. Hushiki sindano, hubadilishi kidonda, hugawi dawa. Sista wa wodi atakupenda, atakupa chai, na siku ya kuondoka atakuandikia barua nzuri. Hawezi kukuajiri kwa sababu hiyo. Kazi zinatangazwa, unaomba, unasailiwa kama wengine wote, na bila namba ya NMC huhesabiki kuwa nesi.

Njia yenyewe ni hii. Unapata leseni ya TNMC (Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania), unafanya IELTS au OET, ambao ni mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, unafungua maombi NMC (paundi 140), unafanya mtihani wa kompyuta (paundi 83) ambao una hesabu za dawa na maswali ya uuguzi, kisha unakuja kufanya OSCE, mtihani wa vitendo, huku huku Uingereza (paundi 794), unamalizia na ada ya usajili paundi 153. Jumla paundi 1,170, bila kuhesabu mtihani wa lugha, viza na tiketi. Hospitali nyingi zilikuwa zinabeba OSCE, viza na tiketi. Sasa hivi zinazofanya hivyo zimepungua sana, nikuambie ukweli.

#4 Odhis wa Kisumu
Majirani, msijilaumu bure. Sisi Kenya serikali ilitia saini mkataba na Uingereza Julai 2021, kwa hiyo waajiri wanaweza kuja kuchukua manesi kupitia serikali. Nyinyi mko kwenye orodha nyekundu. Tofauti ni hiyo tu, mengine ni maneno.

#5 Kipimajoto
@Odhis kwa hiyo Mtanzania amefungiwa kabisa? Basi uzi ufungwe.

#6 Mama Wawili Leeds
Hapana, usifungwe. Orodha hiyo inatokana na ya Shirika la Afya Duniani. Ya mwaka 2023 ina nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Kinachokatazwa ni mwajiri au wakala kuja kuwinda watumishi kwenu. Nesi mwenyewe akiona tangazo akaomba kwa mkono wake, hajavunja chochote.

Na @Odhis, hoja yako ina tundu. Nigeria imo kwenye orodha. Ghana imo. Zimbabwe imo. Wodini kwangu, nusu ya watu wa zamu ya usiku ni hao. Kama orodha ndiyo inayowazuia Watanzania, hao wamepitia wapi?

#7 Odhis wa Kisumu
Sawa, hapo umenibana. Lakini na ya Kiingereza pia haikamiliki. Mwaka 2021, mkataba ukiwa bado wa moto, waziri wetu wa afya wa wakati huo Mutahi Kagwe alisema wazi kwamba kati ya manesi 300 waliofanya mtihani wa lugha, 10 pekee walipita. Hao ni Wakenya, ambao @Kipimajoto anadhani tunazaliwa tukiongea kama BBC. Na bado Wakenya wako huko wengi. Walifeli, wakarudia.

#8 Chura wa Ziwa
Nasoma huu uzi nikiwa zahanati, muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, kata nzima. Mjamzito akija usiku na mwingine analia drip inavuja, unachagua. Halafu kijana aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi, hela ya walipa kodi, anakuja kuuliza njia ya kutokomea. Nchi 55 zimewekwa kwenye orodha kwa sababu. Sisemi usitafute maisha. Nasema na upande huu usemwe.

#9 Dkt Mchovu
@Chura wa Ziwa nakuheshimu na kazi yako naijua. Lakini upungufu wa zahanati yako haukuletwa na waliohama. Wapo waliohitimu, wana leseni, wako mtaani hapa hapa. Nchi ina upungufu wa watumishi na wakati huo huo ina watumishi wasio na ajira, kwa sababu kibali cha kuajiri kinategemea bajeti ya mishahara.

Kumbukeni 2017. Madaktari wa Kenya walitoka kwenye mgomo wa siku 100, Kenya ikaomba madaktari 500 kutoka kwetu, hayati Magufuli akakubali. Wenzetu wa Kenya wakaenda mahakamani kuzuia. Aprili ile ile Magufuli akaagiza 258 walioomba na kukidhi vigezo waajiriwe hapa hapa. Jiulize: hao 258 walikuwa wapi siku zote? Walikuwa nyumbani wanasubiri.

Kuhusu Bodi: mkopo unalipika ukiwa popote. Hapa ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Ukiwa nje hakuna anayekukata, unalipa mwenyewe. Lipa. Ukikaa kimya deni linakusubiri.

#10 Bint Ng'ambo
Asalaam aleikum. Nimeona mnazungumza mafunzo ya nje kana kwamba njia ni Uingereza tu. Hapa Unguja, Mnazi Mmoja ina uhusiano wa miaka mingi na hospitali ya Haukeland ya Bergen, Norwe. Wauguzi wetu wamekwenda kule kwa kubadilishana na wao wakaja huku. Hao ni watumishi waliokwisha ajiriwa, si wanafunzi, na masharti ni kurudi. Ninaowajua mimi wamerudi, na ukiingia wodi walizopo utaona: kitanda kina karatasi ya kufuatilia dalili za mgonjwa na imejazwa, si kupamba.

Kwa hiyo mdogo wangu, uliza chuoni kwako kabla hujamuuliza mtu wa mtandaoni. Bugando kwenu huko wana uhusiano wa siku nyingi na chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York. KCMC ya Moshi wana chuo kikuu cha Duke cha Marekani. Ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo ndiyo inayojua nafasi za wanafunzi zipo au hazipo. Wanaosomea udaktari wana na chama chao, TAMSA, ambacho kupitia IFMSA, shirikisho lao la dunia, wanabadilishana wanafunzi kwa wiki nne. Nyinyi wa uuguzi mlango huo ni mwembamba zaidi.

#11 Mkunga Mstaafu
Mwanangu wa Igoma, shikamoo zenu nimezipokea wote.

Nakuongezea jambo ambalo vijana hamlioni mpaka mmeshahitimu. Nenda kwa msajili wa chuo UKIWA BADO MWANAFUNZI, uombe mtaala wako wenye saa za nadharia na saa za vitendo kwa kila eneo: watoto, uzazi, afya ya akili, upasuaji, magonjwa ya ndani, afya ya jamii. Wamarekani wanataka ipelekwe CGFNS (sasa inaitwa TruMerit), wanaohakiki vyeti vya manesi wa kigeni, na itoke chuoni moja kwa moja, si mkononi mwako. Wajerumani nao wanalinganisha saa zako na za kwao, pakipungua wanakudai ujazie. Nimewaona waliohangaika kwa sababu mkuu wa idara aliyekuwa anajua faili zilipo amestaafu. Kitabu chako cha kujaza taratibu za wodini, kile cha kusainiwa na sista, kitunze kama hati ya shamba.

Na swali lako la uchache. Sisi tulipohitimu tulipangiwa vituo moja kwa moja, barua inakukuta chuoni. Unahama kwenda wapi na kwa nini? Wanigeria na Waghana walianza kutoka zamani, dada anamvuta mdogo wake, mdogo anamvuta shoga yake. Kwetu hakuna shangazi huko wa kukupokea uwanja wa ndege. Haina uhusiano na akili wala Kiingereza.

#12 Kipimajoto
Shikamoo mama. Lakini shangazi wa kwanza alifikaje? Alipita mtihani wa lugha. Tunarudi kule kule.

#13 Kijana wa Kibosho
@Kipimajoto wewe na Kiingereza chako mtafunga ndoa.

Ujerumani huko hawataki Kiingereza hata kidogo, na wote tunaanza sifuri: Mnigeria, Mkenya, Mmachame. Niko Dar nasoma Kijerumani Goethe, naelekea ngazi ya B2. Kwa nesi mwenye shahada na leseni njia ni kutambuliwa cheti. Wanapima masomo yako, wakiona pengo unachagua mtihani wa maarifa au kipindi cha kujazia hospitalini, na kwa kawaida wanataka B2. Njia nyingine ni Ausbildung ya uuguzi, miaka mitatu, unasoma huku unalipwa, kwenye hospitali za umma inaanzia zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Mimi sikumaliza chuo, naenda hiyo.

#14 Mama Wawili Leeds
@Kijana wa Kibosho hongera, na kwako Ausbildung ina mantiki. Kwa @Mtoto wa Igoma sikubali. Miaka minne ya shahada na mmoja wa intern, halafu aanze tena miaka mitatu ya chini? Mawakala wanaisukuma Ausbildung kwa kila mtu kwa sababu ni rahisi kuiuza. Mwenye shahada apambane atambuliwe.

#15 Kijana wa Kibosho
Dada, kuna wenye shahada wameichagua makusudi. Kutambuliwa kunaweza kuvuta muda mrefu na kila jimbo lina ofisi yake. Ausbildung unajua unaingia mwezi gani na unatoka mwezi gani. Si kila anayeichagua amedanganywa.

#16 Mpemba wa Muscat
Mnasahau Ghuba. Hapa Oman, Saudia, Imarati, unahakikiwa vyeti na kampuni ya Dataflow, unafanya mtihani wa Prometric wa nchi husika, na kwa kawaida wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili baada ya leseni. Hakuna kodi ya mshahara. Nyumba mara nyingi mwajiri anatoa. Muscat utakuta wazee wodini wanaongea Kiswahili cha Unguja kuliko wewe wa Igoma. Mgonjwa mzee akisikia "shikamoo" anakamata mkono hauachi.

Ubaya wake usemwe pia: huwi raia, mkataba ukiisha unaondoka. Kwa mtu wa "nihamie kabisa", Ghuba ni kituo cha kuchuma.

#17 Dkt Mchovu
Hiyo miaka miwili ya uzoefu ndiyo maelezo yangu mimi ya uchache wetu, na sijaona mtu ameigusa. Nesi wa Nigeria anaweza kupata kazi hospitali binafsi akahesabiwa uzoefu. Wa kwetu anajitolea. Barua ya kujitolea haina mkataba wala karatasi ya mshahara, na waajiri wa nje wanaitilia shaka. Yaani ukosefu wa ajira unaokusukuma uondoke ndio huo huo unaokunyima sifa ya kuondoka.

#18 Mama Wawili Leeds
Kwa Ghuba na kwa waajiri wengi, ndiyo. Kwa NMC yenyewe kusajiliwa hakudai miaka miwili. Tofautisheni msajili na mwajiri.

#19 Binamu wa Tandale
Wakuu, tahadhari. Binamu yangu mwaka huu ametoa mamilioni kwa wakala, jina silitaji, kesi iko polisi. Aliahidiwa kazi ya kulea wazee Uingereza na kuhamia na mke na watoto. Amepewa karatasi yenye nembo, namba ya udhamini, kila kitu. Wakala hapokei simu.

#20 Mama Wawili Leeds
Pole sana kwa familia. Na watu wasome hapa: tangu Machi 2024 mlezi mpya hawezi kuja na mume, mke wala watoto. Tangu tarehe 22 Julai 2025 njia ya kuajiri walezi kutoka nje imefungwa kabisa. Anayewauzia leo anauza hewa. Nesi aliyesajiliwa ni habari nyingine, njia ya nesi bado ipo na familia anaruhusiwa kuja nayo. Ila serikali imependekeza miaka ya kusubiri ukaazi wa kudumu itoke 5 iwe 10, kwa hiyo asikudanganye mtu na mahesabu ya zamani.

#21 Mtoto wa Igoma
Asanteni wote. Mama yangu Mkunga, kesho naenda kwa msajili. Dada wa Leeds, naomba kujua mambo mawili. Chuo kizima tumesoma kwa Kiingereza, hiyo haitoshi badala ya IELTS? Na huo mshahara, mtu anabaki na nini?

#22 Mama Wawili Leeds
Kusoma kwa Kiingereza Tanzania peke yake hakutoshi. Fikiria mwenyewe: mitihani ni Kiingereza, lakini bibi wa kitanda cha sita unamuuliza maumivu kwa Kiswahili au Kisukuma. Wao wanataka ushahidi kwamba unamwelewa mgonjwa anayelalamika kwa Kiingereza cha kwao, na cha Yorkshire huku hata IELTS haikuandai.

Mshahara wa nesi anayeanza NHS, bendi ya 5, ni paundi 31,049 kwa mwaka kwa 2025/26. Ukishakatwa kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi ni paundi elfu mbili na kidogo kwa mwezi. Chumba, umeme, basi, chakula, na nyumbani wanakupigia. Unaishi, unaweka kidogo. Hujengi ghorofa mwaka wa kwanza.

Nikuonyeshe OSCE basi, uone wanachopima. Vituo 10. Kimoja cha kugawa dawa: unaingia, unanawa mikono, unamsalimia mgonjwa, unamwomba ataje jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na bangili ya mkononi na karatasi ya dawa, unauliza mzio kwa mdomo hata kama umeandikwa, unasoma dawa, dozi, njia, saa, tarehe ya kuisha. Dawa unayotakiwa KUTOIGAWA wameichomeka humo humo. Watu wenye miaka kumi kazini wanaanguka hapo, kwa kuwa mikono yao inakimbia kuliko mdomo. Anza kuizoea hapo hapo Mwanza, kwa mgonjwa wako wa kesho. Haina gharama.

#23 Chura wa Ziwa
Hilo la mwisho nimelipenda. Hata asipoondoka, mgonjwa wangu atapona vizuri.

#24 Mzee wa Jamvi
Na Marekani imepita kimya. Kabla ya Januari 2026, waliposimamisha viza za kuhamia kwa Watanzania, njia ilikuwa hii: NCLEX (mtihani wa leseni ya nesi), uhakiki wa CGFNS, mwajiri wa kukudhamini kwa viza ya EB-3, halafu unasubiri tarehe yako ifikiwe kwenye tangazo la viza la kila mwezi. Foleni iliweza kusimama miaka. Ila ukifika ulifika na kadi ya kijani, wewe na mwenza na watoto. Nani alisema mkiwa raia wa huko hapa mnapoteza kila kitu? Uraia pacha haupo, lakini hadhi maalum kwa diaspora imeshapitishwa.

#25 Odhis wa Kisumu
Sisi uraia pacha tunao tangu katiba ya 2010. Nataja tu.

#26 Kijana wa Kibosho
Na Ujerumani mmetia saini nao mkataba Septemba 2024. Mnatamba sana nyinyi.

#27 Kipimajoto
Niseme hivi: orodha, shangazi, uzoefu, yote nimesikia. Lakini tukichukua manesi mia wa kwetu wenye leseni na pesa ya ada mkononi, wangapi wanapita IELTS mara ya kwanza? Hapo ndipo nitabaki.

#28 Dkt Mchovu
Na mimi nakuuliza, wangapi kati ya hao mia wana pesa ya ada mkononi?

#29 Mtoto wa Igoma
Nimetoka kwa msajili. Mtaala wenye saa upo, wananipigia mhuri Ijumaa. Ila afya ya akili saa za vitendo ni chache kuliko nilivyodhani. Kuna aliyewahi kuziongezea hospitali ya akili ya Mirembe akiwa likizo, zikaingizwa kwenye rekodi ya chuo? Au zikifanywa nje ya ratiba hazihesabiwi?